Beringi zilikufa mara nne: kisa cha mashine ya kufulia ya Kunduchi

Mwalimu alinipigia simu saa moja asubuhi, mwishoni mwa Aprili 2025. Baada ya shikamoo na marahaba hakueleza kitu, aliisogeza tu simu kwenye mashine ili nisikie mwenyewe. Ilikuwa inakamua. Ule mlio fundi yeyote wa mashine za kufulia anaujua: unaanza kama kinu cha kusaga mahindi kinachosikika kwa mbali, kasi ikipanda unageuka ngurumo, na mwisho vyombo vya kabatini vinaanza kugongana. Beringi, zile pete zenye gololi zinazobeba dramu linapozunguka. Hapo hapakuhitaji kipimo. Kilichonifanya niache chai yangu ipoe ni maneno yaliyofuata.

"Mwanangu, hizi beringi zimebadilishwa Februari hii hii. Kabla ya hapo Oktoba. Na kabla ya hapo Machi ya mwaka jana."

Ni mwalimu mstaafu, anaishi Kunduchi, Dar es Salaam, karibu na bahari. Mume wake alipata kiharusi Januari 2024 na tangu hapo yuko kitandani. Shuka zinabadilishwa asubuhi na jioni, mara nyingine usiku wa manane pia. Mashine yao ni ya mlango wa mbele, ya kilo 8, inakamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, na waliinunua mpya Machi 2018. Siku inapogoma, mama wa miaka 68 anainama kwenye beseni kufua shuka nzito kwa mikono, kisha anasimama kwenda kumgeuza mgonjwa. Kwa hiyo alipouliza kama nitakuja kubadilisha beringi, sikutaka kumjibu haraka. Mafundi watatu walionitangulia hawakukosea jina la kifaa kilichoharibika. Beringi kweli zilikuwa zimekufa kila mara. Ila hakuna aliyekaa chini akauliza zinauawa na nini.

Nikiri kwamba nami nilipitia Kariakoo kabla ya kwenda. Nilinunua beringi mbili, za namba 6206 na 6205, pamoja na sili yake, ule mpira wa kuzuia maji, nikatia kwenye begi. Mazoea ya kazi ni hayo. Mteja anasikia mlio, fundi anakuja na kifaa, kifaa kinaingia, pesa inatoka. Kama Mwalimu asingekuwa na kaunta buku lake, huenda na mimi ningeishia kuwa mstari wa nne kwenye orodha yake.

Kaunta buku lile lilikuwa juu ya meza nilipofika, limefunguliwa kwenye ukurasa wake. Alikuwa amepiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, tatizo, kilichobadilishwa, gharama, maelezo ya fundi. Machi 2024, beringi mbili, sili ya zamani ikarudishwa ilivyo, Sh 95,000, maelezo: umri wa mashine. Oktoba 2024, beringi mbili na sili mpya, Sh 160,000, maelezo: beringi za Machi zilikuwa feki. Februari 2025, beringi za bei ya juu na sili mpya tena, Sh 230,000, maelezo: mashine inafanyishwa kazi kupita kiasi, ipunguziwe.

Maelezo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yamemkaa moyoni. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi, akashusha sauti akaniuliza: "Fundi, ina maana shuka za mzee ndizo zinaiua?"

Ni swali la haki, na tarehe zilikuwa zinalisaidia. Mzee aliugua Januari, beringi za kwanza zikafa Machi. Mtu yeyote angeunganisha hayo mawili. Nikamwomba kalamu tuhesabu, maana miezi ya kalenda haisemi mashine imefanya kazi kiasi gani. Kinachosema ni idadi ya awamu za kufua. Kabla ya ugonjwa walikuwa wanafua mara tatu kwa wiki. Kuanzia Machi 2018 hadi mwisho wa 2023 ni kama wiki 300, yaani awamu 900. Ongeza ile miezi miwili ya mwanzo wa 2024 kwa awamu mbili kila siku, beringi za kiwandani zilifanya kazi zaidi ya awamu 1,000. Seti ya pili, Machi hadi Oktoba, miezi saba kwa mara mbili kwa siku, kama 420. Seti ya tatu, miezi minne, kama 240. Seti ya nne, ile iliyokuwa inanguruma asubuhi ile, wiki kumi tu, awamu 140.

Elfu moja, mia nne na ishirini, mia mbili na arobaini, mia moja na arobaini. Tuliziangalia zile namba pamoja. Kama kazi nyingi peke yake ndiyo ingekuwa muuaji, kila seti ingekula idadi inayokaribiana kisha ife, ila siku tu zingekuwa chache. Kama tatizo lingekuwa beringi feki, zile za Sh 230,000 zingedumu kuliko zile za Machi. Lakini beringi zilivyozidi kuwa bora ndivyo zilivyozidi kufa haraka. Hiyo ilikuwa na maana moja: ndani ya mashine kulikuwa na kitu kingine kinachoendelea kuharibika, na kitu hicho hakuna aliyekuwa amekibadilisha, kwa hiyo kila seti mpya ilikuwa inafungwa juu ya ubovu mkubwa kuliko wa seti iliyotangulia.

Nikauliza kama vifaa vya zamani vipo. Akaenda stoo akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na jozi tatu za beringi na sili mbili, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande cha gazeti na tarehe juu yake. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kukabidhiwa ushahidi uliotunzwa namna ile.

Kwa asiyejua ndani ya mashine pamepangwaje: dramu la chuma tunalotia nguo limeshikwa nyuma na mkono wa aluminiamu wenye miguu mitatu, mafundi tunauita spaida. Katikati ya spaida unatoka shafti, unapita kwenye mgongo wa tangi la plastiki na kukaa juu ya beringi mbili. Kubwa, 6206, iko upande wa dramu. Ndogo, 6205, iko upande wa nje karibu na pulii ya mkanda. Mbele ya ile kubwa kuna sili, mpira wenye mdomo mwembamba unaokumbatia shafti. Maji ya kufulia yako upande mmoja wa mdomo ule, na grisi ya beringi iko upande wa pili. Hakuna kizuizi kingine.

Nikachokonoa vifuniko vya beringi kwa ncha ya kisu, moja baada ya nyingine, nikazipanga juu ya gazeti kwa tarehe zake. Beringi kubwa zote tatu zilikuwa za kahawia. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gololi zimeliwa na kutu hadi zina vishimo vya kuonekana kwa jicho. Beringi ndogo zilikuwa habari nyingine kabisa. Mbili kati ya tatu zilikuwa na grisi safi, na ukizizungusha kidoleni zinateleza kimya. Ya tatu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kubadilika rangi. Hapo nikaondoa dhana mbili kwa mpigo. Beringi iliyokufa kwa kuzidiwa mzigo huchunika njia za gololi na grisi yake huungua ikawa nyeusi, haihitaji tone la maji. Hizi zilikuwa zimeoza kwa maji, na maji yalikuwa yanatoka upande wa dramu, yanaikuta kubwa kwanza.

Basi ni sili? Hilo ndilo jibu la kwanza linalokuja, na lilikuwa jibu la fundi wa Oktoba na wa Februari, ndiyo maana waliibadilisha. Nikazichukua zile sili mbili nikaziweka kwenye mwanga wa dirisha. Ya kiwandani ilikuwa imekakamaa, mdomo umepoteza ulaini wake, jambo la kawaida kwa mpira wa miaka sita. Lakini ile ya Oktoba ilikuwa imekaa ndani miezi minne tu, na mdomo wake ulikuwa umechanika kama uliopitishwa tupa. Nikapitisha kidole. Kulikuwa na chembe zinazokwaruza, zimezama kwenye mpira. Mchanga. Mpira bado mlaini, kwa hiyo haukufa kwa uzee, ulikuwa unasuguliwa na kile unachokikumbatia.

Kufungua mashine sitakueleza hatua kwa hatua, kila aina ina mambo yake. Tuliitoa barazani mimi na mjukuu wa Mwalimu, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo, tukaondoa mfuniko wa nyuma. Kabla sijagusa kitu kingine nilimwonyesha yule kijana mchirizi wa kahawia ulioanzia katikati ya tangi, chini ya pulii, ukashuka hadi kwenye sakafu ya mashine. Mchirizi ule unaonekana kwa bisibisi moja na dakika tano. Unamaanisha maji yamepita sili, yamepita beringi zote mbili, na yameanza kutoka nje yakiwa na kutu. Ninawasihi mafundi wenzangu, angalieni pale kabla ya kutaja bei.

Tangi lilikuwa la kufungwa kwa skrubu, bahati nzuri. Yako mengine yamechomelewa kiwandani na hayafunguki bila msumeno. Tulipolitenganisha na kuvuta dramu, spaida likabaki mbele yetu na shafti imesimama juu. Chini ya shafti, pale ambapo mdomo wa sili hugusa, kuna bushi, pete ya shaba iliyovalishwa shafti. Nikaipangusa kwa kitambaa. Kwa macho ilionekana ya kawaida tu, inang'aa. Nikaweka ukucha wa kidole gumba juu yake, nikaushusha taratibu. Ukucha ukazama. Nikampa Mwalimu naye ajaribu, akavaa miwani, akashusha ukucha wake, akasema, "Hapa pana mfereji."

Ndivyo. Nikapima kwa venia, kifaa cha kupimia vipenyo. Bushi ilikuwa na kipenyo cha milimita 37, na ndani ya mfereji 36.3. Kina chake ni kama unene wa karatasi tatu au nne za daftari, na kando zake zilikuwa na makali. Sasa mambo yakajipanga. Sili mpya imetengenezwa kubana shafti ya milimita 37, na kwa kuwa kila sili inakaa kwenye kitako kile kile, mdomo wake unaangukia kwenye mfereji ule ule kila mara. Ukiwa ndani ya mfereji haubani vya kutosha, na makali ya kando yanaula. Mchanga unaonasa pale unageuka msasa. Kila sili mpya ilichimba mfereji zaidi, ndiyo maana seti iliyofuata iliishi muda mfupi kuliko iliyotangulia. Beringi za Sh 230,000 zilikuwa zinaogeshwa tangu siku ya kwanza.

Kuna ujanja wa halali unaofaa fundi aujue. Kama spaida ni zima na mfereji ni mwembamba, na kitako cha sili kina nafasi, unaweza kuikalisha sili juu zaidi au chini zaidi kwa milimita mbili, ili mdomo wake uguse sehemu ya bushi ambayo haijaliwa. Au bushi inang'olewa na mkerezaji wa vyuma anakutengenezea nyingine. Nilikuwa tayari nawaza nani kati ya mafundi wa eneo la Gerezani nimpelekee kazi hiyo asubuhi inayofuata.

Ningefanya hivyo ningekosea, na Mwalimu angenipigia tena baada ya miezi kadhaa. Miguu ya spaida ilikuwa na unga mweupe. Chini ya unga kulikuwa na utope wa kijivu wa sabuni uliogandamana, na nilipoukwangua kwa bisibisi, kipande cha aluminiamu cha ukubwa wa punje ya mchele kikaruka nacho. Chuma chenyewe kilikuwa kimeliwa vishimo vishimo. Nikauliza kama kuna mafuta ya taa. Yalikuwepo. Nikauliza kama kuna chaki, na kwa mara ya kwanza siku ile Mwalimu akacheka. Boksi zima lilikuwa kwenye droo.

Njia hii ni ya zamani na haihitaji mashine yoyote. Unapaka mafuta ya taa kwenye chuma, unasubiri yapenye, unapangusa hadi pakauke, halafu unapaka chaki nyeupe juu. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanarudi juu na kuilowesha chaki. Tulisubiri kama dakika kumi. Kwenye mguu mmoja, karibu na shina la shafti, kikatokea kistari cheusi kilichopinda, kirefu kama kiungo kimoja cha kidole.

Hapo hesabu inatisha kidogo. Dramu lile lina nusu kipenyo cha sentimita 24 hivi. Kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, nusu kilo ya nguo iliyojikusanya upande mmoja inavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 190. Mvuto huo wote unapita kwenye miguu mitatu ya spaida. Mguu wenye ufa unapepesuka, shafti inapepesuka nayo, na mdomo wa sili hauwezi kuifuata kwa kasi hiyo. Hata kama bushi ingekuwa mpya, maji yangepita. Na siku mguu ungekatika katikati ya kukamua, dramu lingepasua tangi.

Sasa kwa nini spaida lioze na bushi ichimbike, wakati mashine kama hiyo hufua miaka kumi bila shida? Jibu lilikuwa juu ya paa. Mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, familia ilichimba kisima. Kilikamilika Desemba ile ile na kikaunganishwa na tangi la juu linalolisha nyumba nzima. Maji yake yana chumvi, kama visima vingi vya ukanda ule wa pwani. Kwa kunywa na kupikia waliendelea kuchota ya bomba, kwa sababu ulimi unakataa mara moja. Mashine haina ulimi. Iliunganishwa na kisima, na hakuna aliyeiwaza tena.

Nina kikalamu cha kupimia jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwenye maji. Kisima kilisoma miligramu 2,340 kwa lita. Bomba la uani lilisoma 170. Kikalamu hakikuambii ni chumvi gani, lakini nililamba tone moja na sikuhitaji maelezo. Nikajaza ndoo nyeupe kwa maji ya kisima nikaiacha hadi jioni. Chini kukawa na utando wa mchanga laini, laini kiasi cha kupita kwenye kile kichujio kidogo cha valvu ya kuingizia maji.

Mchanga ulieleza mfereji. Chumvi ilieleza sehemu kubwa ya unga mweupe: aluminiamu ikigusana na chuma kisichoshika kutu cha dramu, ndani ya maji ya chumvi, inakuwa kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Lakini kulikuwa na kitu cha tatu, nacho kilijitokeza nilipouliza anatia sabuni kiasi gani. Vikombe viwili. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono.

"Haitoi povu, mwanangu. Ndiyo maana nikawa naongeza."

Nilimwelewa kabisa. Maji magumu na ya chumvi yanaua povu, na sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba nguo isiyo na povu haijatakata. Lakini mashine ya mlango wa mbele haitegemei povu, inategemea nguo kuinuliwa na kuangushwa. Sabuni iliyozidi haisuuziki yote, hasa kwa maji baridi. Inabaki nyuma ya dramu, mahali ambapo jicho halifiki, inaganda kwenye miguu ya spaida. Sabuni ya unga ina ukali wa magadi, na ukali huo unaondoa ngozi nyembamba inayoilinda aluminiamu. Chumvi inamalizia. Kwa hiyo maji mabaya yaliita sabuni nyingi, na sabuni nyingi ikayasaidia maji mabaya kula chuma.

Na tarehe sasa zilikubali. Kisima Desemba 2022, beringi za kwanza Machi 2024, miezi kumi na tano baadaye. Uozo ulikuwa umeanza mwaka mzima kabla mzee hajaanguka. Nilimwambia Mwalimu hivyo wazi wazi, nikamwonyesha kwenye daftari lake mwenyewe. Shuka za mzee hazikuiua mashine. Ni kweli kufua mara mbili kwa siku kuliisogeza siku ile karibu, siwezi kumficha hilo, lakini kama wangeendelea na mara tatu kwa wiki bado ingefika. Alinyamaza kidogo, akatazama kule chumbani, kisha akauliza kama nimekula.

Nataka niseme jambo kuhusu wenzangu watatu, kwa heshima. Hawakuwa wezi, na beringi walizofunga Februari zilikuwa halisi, nilizikagua. Shida iko kwenye namna tunavyolipwa. Mteja yuko tayari kulipia kitu anachokiona mkononi, beringi, sili, mota, lakini saa tatu za kutazama na kupima anaziona kama fundi anapoteza muda. Fundi naye ana nauli na watoto, kwa hiyo anauza kifaa. Siku hizi natoza uchunguzi peke yake, namwambia mteja mapema, na kila kifaa ninachokitoa namwachia pamoja na tarehe. Wengine wanakataa na kutafuta fundi mwingine. Nimelikubali hilo.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku nne. Spaida jipya la kuagiza lilikuwa na bei ya karibu nusu ya mashine, na kungoja wiki kadhaa hakukuwezekana kwa nyumba ile. Nilienda kwa muuzaji wa Kariakoo anayevunja mashine za mtumba kwa ajili ya vipuri. Dramu la kwanza alilonitolea lilikuwa na unga mweupe, nikalirudisha. La pili lilikuwa na miguu safi ila ukucha ulinasa kwenye bushi. La tatu ukucha uliteleza kutoka juu hadi chini bila kugusa kitu, na chaki haikuonyesha ufa wowote. Sh 220,000. Zile beringi na sili nilizokuwa nazo begini zikapata kazi yake.

Kwenye kuzifunga kuna jambo moja ambalo lazima nilirudie. Beringi ya Machi 2024 ilikuwa na alama za nyundo kwenye pete ya ndani. Beringi inapoingia kwenye tangi inabana kwa pete ya nje, kwa hiyo unagonga pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia zake kabla mashine haijawashwa. Mimi nililaza beringi kwenye friza ya Mwalimu usiku kucha ndani ya mfuko, zikasinyaa kidogo, asubuhi nikamwagia maji ya moto kitako cha tangi kikatanuka, nikakikausha, na beringi zikaingia kwa kugongwa kidogo. Cha kugongea nilitumia pete ya nje ya beringi ya zamani kutoka kwenye lile kopo, maana inalingana sawasawa. Mdomo wa sili nikaupaka grisi isiyoyeyuka kwa maji, hasa ule upande unaotazama beringi.

Lakini kama ningeishia hapo, spaida la mtumba lingeanza safari ile ile. Fundi bomba alikata laini ya kisima inayoingia kwenye mashine na kuweka tangi dogo la lita 500 linalojazwa na maji ya bomba peke yake, na kabla ya mashine tukafunga chujio la kunasa mchanga. Mashine ile inatumia kama lita 60 kwa awamu, yaani lita 120 kwa siku. Tangi likijaa linatosha siku nne bomba likikauka, na kwa mgao wa kawaida wa pale zinatosha. Sabuni tulibadilisha, sasa ni ya mashine isiyo na povu jingi, vijiko vitatu. Kila mwezi mashine inazungushwa tupu kwa maji ya nyuzi 60, na mlango unaachwa wazi baada ya kufua.

Gharama yote pamoja na kazi ya bomba ilifika Sh 645,000. Ni nyingi, ni zaidi ya matengenezo matatu ya nyuma kwa pamoja, na nilimweleza hivyo kabla ya kuanza ili aamue mwenyewe. Mashine mpya ya ukubwa ule ingezidi milioni moja, na ingeunganishwa kwenye kisima kile kile.

Novemba nilirudi Kunduchi bila kuitwa. Ilikuwa miezi sita, kama awamu 360, mara mbili na nusu ya zile za seti ya Februari. Mashine ilikuwa inakamua nilipoingia na tuliweza kuongea kwa sauti ya kawaida. Ilipomaliza, yule mjukuu alifungua mfuniko wa nyuma yeye mwenyewe. Nikapitisha kidole chini ya pulii, kikarudi na vumbi kavu. Hakukuwa na mchirizi. Kikalamu kwenye tangi dogo kilisoma 180.

Mwalimu alikuwa ameshafungua kaunta buku. Tarehe ameandika, sehemu ya tatizo ameandika "ukaguzi", akafika kwenye kilichobadilishwa akaniangalia akiwa ameshika kalamu. Nikamwambia aandike hakuna, na hapo pembeni aandike Mei 2026, nitakuja kutazama bushi.